Tulimsomea Halbadiri Hakimu Asiye na Kosa

Admin, nifichie jina, maana huku Likoni tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sitini na minne, nilikuwa karani wa mahakama, na jambo hili limenikaa rohoni tangu miaka ya tisini.

Wakati huo mkubwa mmoja aliitaka ardhi yetu, alikozikwa babu. Wazee wakiongozwa na baba yangu wakaenda mahakamani. Hakimu, mtu wa bara, mpole, akaamuru tusiguswe hadi kesi isikilizwe. Siku chache baadaye simu ikalia mezani pangu, anatakwa yeye. Nilimsikia akijibu, "Mheshimiwa, ushahidi bado sijausikia. Nitaamuaje?" Akaweka simu, akaniambia, "Dada, wewe hujasikia kitu. Linda unga wako." Wiki haikwisha, akaletewa barua ya uhamisho, kaskazini kabisa. Aliyekuja baada yake akaitupa kesi, na nyumba zetu zikavunjwa.

Mtaani ikawa ni neno moja tu: hakimu amekula hongo, kisha amekimbia. Nami nikanyamaza. Niliogopa kufutwa kazi, wallahi, sina sababu nyingine ya kujipambia.

Baba akaita masheikh nyumbani isomwe halbadiri, kisomo cha kumlaani aliyetudhulumu, na hakimu akatajwa kwa jina. Chetezo nilikiandaa mimi. Ubani niliutia kwa mkono wangu, na nyuma ya pazia nikaitikia amin.

Miaka ikapita, tukasikia hakimu amepooza mkono. Baba akasema, "Mwaona? Kisomo hakendi bure." Mpaka leo huwaambia wajukuu wasikanyage mahakamani, eti haki huko yanunuliwa.

Mwezi uliopita nikakutana na hakimu huyo kwenye foleni ya dawa. Mzee, mkono umelegea, lakini alinitambua. Akauliza, "Wale wazee wa Likoni bado wananikumbuka?"

Nikamjibu, "Wanakukumbuka sana, Mheshimiwa." Alifurahi, akanituma niwasalimie.

Sasa baba ana miaka tisini, hatoki kitandani. Nikisema, atajua amemlaani mtu aliyetutetea, na kwamba mwanawe alijua. Nikinyamaza, atakufa na haki ya mja shingoni, na hiyo Mungu haisamehe mpaka mwenyewe asamehe.

Jana kaniuliza, "Mwanangu, kuna mtu niliyemkosea, nimtake radhi kabla sijaondoka?"

Nikasema, "Hakuna, baba."

Ndugu zangu, nisemeni mtakavyo, lakini nishaurini. Nirudi nikamwambie nini?