Radi Haijui Rangi

Nguo ya ndani ni siri ya mtu na kamba yake ya kuanikia, na mimi hata kamba sikuiamini. Shimizi langu nilikuwa nikilianika chumbani, juu ya kitanda, dirisha limefungwa. Nilikuwa na sababu. Lilikuwa limeshonwa kwa mfuko wa unga, ile mifuko ya kitambaa cheupe iliyokuja na unga wa msaada miaka ya dhiki. Mama yangu aliuloweka kwa magadi, akaufikicha, akaulaza juani, lakini maandishi yake yalikataa katakata kutoka. Fundi naye hakuona pa kuyaficha, akayaweka nyuma. Kwa hiyo kila nilipolivaa, makalio yangu yalitangaza kwa Kiingereza, tena kwa herufi kubwa, kwamba hiki ni chakula cha msaada na hakiuzwi.

Juu yake nilivaa gauni jekundu. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, mitumba ikaingia Songea kwa marobota, na mimi mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kuja kutoka pwani ya Lindi, sikukubali kupitwa. Gauni lilikuwa na mikono ya puto na vifungo vya rangi ya dhahabu. Nikipita nalo mtaani kwetu Msamala, wanawake walisimamisha ungo mikononi wakanitazama, nami nilipojua natazamwa nilipunguza mwendo. Fedha ya shimizi jipya haikubaki. Sikuona ubaya, kwani nani angeliona shimizi?

Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya matofali mabichi, mabati yake yakiwa yameshikiliwa kwa mawe. Mume wangu alikuwa bwana shamba, na msimu ule wa mvua kazi ilimpeleka Namasakata, huko Tunduru. Barabara ikakatika nyuma yake. Nilibaki na binti yetu, ambaye alikuwa hajaanza hata kutambaa.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya bibi mmoja Mngoni, mjane, kiongozi wa jumuiya yao ya Kikatoliki pale mtaani. Mjukuu wake wa kike alikuwa mwanafunzi wangu. Ni yeye aliyejibu siku nilipofundisha habari za radi, nilipouliza ni kitu gani huivuta. Alisimama akasema, "Nguo nyekundu, mwalimu." Nilicheka. Nilicheka mbele ya darasa zima, kisha nikawafundisha wote kuimba kwa pamoja: radi haijui rangi, radi hutafuta kitu kirefu. Waliimba mpaka darasa la jirani likanyamaza kusikiliza. Jioni ile nilirudi nyumbani nimeridhika.

Siku chache baadaye redio ikatangaza kwamba upepo mkubwa unatoka baharini, na watu wa pwani ya Lindi na Mtwara wahame kutoka kandokando ya maji. Nilimhofia mama yangu, maana nyumba yetu iko karibu na bahari kiasi kwamba maji yakijaa tunayasikia tukiwa kitandani. Majirani wa Msamala walikuja mmoja mmoja kunipa pole kana kwamba nimekwisha fiwa. Nilizipokea pole zao. Haikunijia kwamba upepo ule ungeweza kupanda mpaka kwetu.

Mvua ilianza, ikawa haikatiki. Bibi jirani akaja mlangoni kwangu amejitanda vitenge viwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama mwalimu, huu upepo siyo wa kwetu. Njoo na mtoto mkae kwangu. Tofali zangu za kuchoma, na bati zimefungwa waya."

"Asante, bibi. Mimi mtu wa bahari, upepo nimezaliwa nao."

"Haya. Lakini bahari umeiacha kwenu," alisema, akaenda zake.

Upepo uliingia alasiri. Nilisikia mawe yakibingirika juu ya kichwa changu kama viazi vinavyomwagwa. Bati la kwanza likainuka, likapigapiga, likaenda. Nikaiona mbingu kutoka kitandani kwangu. Lilipong'oka la pili nilimfunga mtoto kwenye kanga, nikasema bismillahi, nikatoka mbio nikiwa na nilichovaa. Nilichovaa kilikuwa gauni jekundu, kwa sababu nyingine zote zilikuwa zimelowa kwenye beseni. Kwetu husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama yangu siku ile ilikuwa mlango wa bibi jirani.

Chumba chake cha mbele kilijaa watu. Mtaa mzima ulikuwa umekimbilia pale, akina mama na watoto sakafuni, wanaume wamesimama. Kioo cha ukutani kilikuwa kimefunikwa shuka, redio imezimwa, na kwenye kigae cha chungu lilikuwa linafuka jani la mtende lililobarikiwa kanisani Jumapili ya Matawi, ambalo bibi alilitunza nyuma ya msalaba kwa ajili ya siku kama ile. Walikuwa katikati ya rozari. Aliyefungua mlango ni katekista, mzee mpole ambaye alizoea kunisalimia kwa kuvua kofia. Aliniona, akaona gauni, akabaki ameshika komeo.

"Nyekundu," alisema.

Rozari ikakatika. Radi ilipasua mbingu nyuma yangu, na watoto wakalia.

"Mama mwalimu, samahani sana. Usiingie na hiyo."

Bibi alipenya katikati ya watu akanyoosha mikono. "Lete mtoto." Nikampa. Mtoto akapita juu ya vichwa, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, mpaka mahali pakavu, nami nikabaki kizingitini mvua ikinipiga mgongoni.

"Radi haijui..." nilianza.

Sikumaliza. Mama mmoja alikuwa amemgeuza mwanawe akamficha uso kwenye mapaja yake, asinione. Hawakuwa na ubaya na mimi hata chembe. Waliniogopa. Na kule ndani mtoto wangu alianza kulilia ziwa.

"Vua, mwanangu," bibi akasema. "Nguo utapata nyingine."

Katekista akaamuru wanaume wageukie ukuta, nao wakageuka, wakasimama pale mfano wa watu wanaopimwa urefu. Wanafunzi wangu hakuna aliyewaambia wageuke. Nilianza kufungua vile vifungo vya dhahabu, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Mikono ya puto ilijaa maji, ikanishika mabegani, ikabidi akina mama wawili wanivute kama wanaochuna mbuzi. Mimi niliyeletwa na serikali kuwafundisha watoto wao, nikaingia nikasimama katikati yao katika mfuko wa unga uliolowa na kunigandama.

Nyuma yangu sauti ya mtoto ikaanza kusoma. Alisoma silabi moja moja, kwa sauti, kidole bila shaka kikifuata, kama nilivyomfundisha. Alisoma vizuri. Mpaka leo sijui alikuwa nani, na sijawahi kutaka kujua.

"Nyamaza wewe," bibi akamwambia. Akafungua kitenge chake cha juu, akanizungushia, na kwa kuwa hakikutosha kunifunika pamoja na mtoto, akanivuta nikaketi ubavuni mwake, akafungua na mkunjo wa kile cha pili. Tukawa watu watatu ndani ya vitenge viwili. Mtoto alishika ziwa. Rozari ikaendelea, nami nikasoma Ayatul Kursiyyu kimoyomoyo, machozi yakinitoka kwa aibu ambayo sikuwahi kuijua, si kwa wazazi wangu wala kwa mume.

Katekista alilichukua gauni kwa ncha ya mpini wa jembe akalitupa nje. Upepo ulilidaka. Nililiona kupitia upenyo wa dirisha likipaa juu, mikono imejaa hewa, mpaka likanasa kwenye mkaratusi uliokuwa kwenye kona ya uwanja.

Haukupita muda. Kulikuwa na weupe uliojaa chumba chote, na kishindo humohumo, na harufu ya kitu kilichoungua. Watu walimwita Yesu na Maria. Tulipoinua macho, mkaratusi ulikuwa umepasuka katikati tangu juu hadi chini, na gauni halikuwapo.

Hakuna aliyenitazama. Ningependa wangenitazama, au wangecheka. Walitazama sakafu, kila mmoja kwa adabu yake, kama watu wanavyofanya mtu mzima anapojichafua hadharani. Mkaratusi ule ulikuwa mti mrefu kuliko yote mtaani. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nilifungua kinywa kulisema, nikamtazama mtoto wangu, mkavu, ananyonya ndani ya kitenge cha watu, nikakifunga.

Upepo ulipokwisha walinitengenezea nyumba. Wanaume walienda kuyatafuta mabati yangu mashambani, wakayakuta mengine yamelala juu ya mahindi, wakayanyoosha kwa nyundo, na safari hii waliyafunga kwa waya. Dereva wa lori aliyetoka pwani alileta salamu kwamba mama yangu yu hai, yuko kwa jirani, kipande cha nyumba kimesombwa. Akina mama wa Msamala walileta nguo. Hawakuzileta kwa pamoja, wangenitia haya. Walipitisha moja moja, kila mmoja akisema hii imezidi tu nyumbani. Mmoja alileta shimizi jipya la popilini, limeviringishwa kwenye gazeti. Shimizi jipya halizidi nyumba yoyote Msamala. Nililipokea kwa mikono miwili na sikuweza kumtazama usoni.

Nilivaa zile nguo kwenda shuleni. Kila nilipopita nilijua nimevaa ya nani, naye alijua, na wote tulisalimiana kana kwamba hatujui.

Kisha ikafika siku ya marudio ya sayansi. Ningeweza kuiruka ile mada. Lakini mtihani hauruki, na nikajiambia kwamba mwalimu anayeogopa swali lake mwenyewe bora akalime. Asubuhi ilikuwa na mawingu. Nikauliza, sauti yangu nikiisikia kwa mbali, "Ni kitu gani huvuta radi?"

Hata wale watundu wa nyuma waliangalia madawati. Ndipo akasimama mjukuu wa bibi, yuleyule niliyemcheka.

"Kitu kirefu, mwalimu. Radi haijui rangi."

Na wote wakaitikia kwa pamoja, kama nilivyowafundisha, hakuna aliyetabasamu, hakuna aliyemkonyeza mwenzake. Watoto wale walikuwa wameuona mkaratusi kwa macho yao. Waliona gauni likipaa. Nilielewa palepale kwamba wameambiwa nyumbani: mwalimu akiuliza, mjibuni vile anavyotaka, msimtie aibu. Jibu lilikuwa langu, nami nikarudishiwa kama unga wa msaada.

"Vema," nilimwambia. "Kaa."

Akakaa. Kwa mbali, upande wa milima ya Matogoro, ngurumo ilianza kusikika. Songea ilikuwa na baridi siku ile, na yule binti alikuwa amekuja amevaa sweta la mtumba, jekundu. Niliona mkono wake ukishuka taratibu chini ya dawati. Sweta lilikuwa limekwisha kuvuliwa, limeviringishwa, na kwa mguu alikuwa akilisukuma mbali naye, polepole, huku macho yake yakiwa kwangu ili nisione.

Nikageukia ubao, nikachukua kitambaa, nikafuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi.