Plasta Iliyokunja Kona

Siku yangu ya kwanza kazini Busia, Mchoraji Mkuu alinipa wembe. Sikupewa kalamu. "Kwanza ujue kukwangua makosa," akasema. "Kuchora utajua baadaye." Mwezi mzima nikakwangua wino wa wenzangu kwenye ramani za majengo, na kwa mdomo wangu huu, nilimwuliza kila mmoja kwa nini amekosea. Ndivyo nilivyoisoma kazi.

Nilipohamishiwa Malaba, kompyuta zikaja. Nilizipenda, sitaficha. Ukuta sasa haukuwa mistari miwili tu. Ulikuwa na matabaka yake: plasta, tofali, plasta. Lakini programu yetu ilikuwa na tabia moja. Ukuta ukifika mlangoni, matabaka yote yalikatwa sawa kama mkate, tofali likabaki uchi. Ukitaka plasta izunguke mwisho wa ukuta, lazima uiamuru.

Hilo halikunishangaza. Mamangu alikuwa akikandika nyumba za watu kule Funyula, na akifika mlangoni alikunja udongo kwa kiganja mpaka ndani. "Ukuta haujaisha mpaka kona ifungwe," aliniambia kila mara, hata nilipochoka kusikia.

Basi, mwaka wangu wa mwisho tulichora wodi ya wazazi ya Rukala. Msanifu wa Mradi, bosi wangu mwenye umri wa mwanangu, alitaka ramani ziende kwa kontrakta siku hiyohiyo. Nikamwambia plasta haijakunjwa kwenye njia ya kutoka wodini kwenda chumba cha kujifungulia, njia isiyo na fremu wala mlango.

"Mama, hiyo ni sura tu. Mafundi wanajua kupiga plasta."

"Wanajua, ndiyo maana naogopa. Kitanda cha magurudumu kina upana gani?"

"Tisini na saba. Njia ni mita moja. Tuko sawa."

Nikaamuru plasta ikunje kona, sentimita mbili huku, mbili kule. Kipimo kikabadilika mbele ya macho yetu: tisini na sita. Mzazi angekwama pale na uchungu wake, kwa sentimita moja tu. Msanifu akavua miwani.

"Haya Mama, umenishika," akasema polepole. "Panua hiyo njia."

Tukaongeza sentimita ishirini.

Jengo lilikabidhiwa wiki yangu ya mwisho kazini. Manesi wakaleta kitanda, Msanifu akakishika. "Panda, Mama. Lazima tujaribu na mtu." Nilikuwa nimevaa suti yangu ya kuagwa, lakini nikapanda.

Sasa nimestaafu, na watu huniuliza ni jengo gani ninalojivunia. Nimechora maghala na ofisi nyingi huku mpakani. Mimi nakumbuka nimelala chali, bosi akinisukuma, manesi wakipiga vigelegele, nami nacheka mpaka machozi. Tulipofika kwenye ile njia nilinyoosha mikono, nikapapasa kona zote mbili. Plasta ilikuwa imekunjwa vizuri. Mamangu angeipitisha.