Shoka Lililopakwa Mawese

Shule mimi niliiona kwa nje tu, nikipita na ndoo ya dagaa kichwani. Ninachojua ni kusimulia, na pale kijiweni Bangwe, kando ya ziwa, wananijua: nikisema nimevua mgebuka, wanauliza, "Huo nao ulikuwa mrefu kuliko mtumbwi?" Nawaambia ndiyo, mkia tuliuacha majini.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alipigana vita vya Kagera, na mtangazaji wake ni mimi. Kwa maneno yangu, alivuka ule mto na mzinga begani, mamba wakajipanga pembeni kumpisha. Yeye akinisikia anasema tu, "Mamba sikuwaona, shemeji. Niliona mbu."

Sasa mwaka juzi, Siku ya Mashujaa ilipokaribia, mwenyekiti wa mtaa akaja nyumbani kwa dada. Siku ile pale kwenye mnara wa mashujaa kila mkubwa huweka kitu chake: mwingine mkuki na ngao, mwingine sime, mwingine upinde, mwingine maua. Wazee waliopigana huweka shoka. Mzee aliyekuwa akiliweka alikuwa amefariki masika ya mwaka huo, kwa hiyo wenzake wamemchagua shemeji.

"Ila uje na shoka la kwako, mzee wangu," mwenyekiti akasema. "Lile la siku zote, mpini wameula mchwa."

Shemeji akasema hapana.

Mkono wake wa kulia unatetemeka. Akinywa chai, nusu anakunywa yeye, nusu linakunywa shati. Mashemeji ni kutaniana, basi mimi siku zote namwambia, "Mkono huu tuufunge kwenye mashine ya kusaga, umeme ukikatika tusage unga." Na yeye hunijibu, "Tukufunge mdomo wewe, tutapata umeme wa mkoa mzima." Siku hiyo nikaurusha utani wangu, hakujibu. Akangoja mwenyekiti aondoke.

"Nikiliangusha je?"

"Utaliokota. Ni shoka, siyo yai."

"Mwenzangu nilimwangusha," akasema.

Huyo mwenzake alikuwa kijana wa Ujiji, walipanda treni moja kwenda jeshini. Kule vitani alipigwa risasi, shemeji akambeba. Njiani mkono ukamwishia nguvu, akamwangusha kwenye tope. Akambeba tena. Walipofika kwa daktari, yule kijana alikuwa ameshakata roho.

Nikamwambia, "Lakini hakufa kwa kuangushwa."

"Najua. Ila nilimwangusha. Lile shoka tunawawekea wao, shemeji. Siwezi kumwangusha mara ya pili, tena watu wote wanatazama."

Dada ndiye aliyemjibu, huku anachambua maharage. "Usipoenda, ataliweka mtu ambaye hakumjua mwenzako."

Kesho yake asubuhi tukamkuta shemeji ufukweni na shoka la kupasulia kuni, amelilaza juu ya viganja viwili kama sinia, anatembea taratibu kati ya chanja za dagaa. Likidondoka mchangani, analifuta, anarudi mwanzo. Akina mama wanaoanika dagaa wakamwambia, "Baba, hawa wameshakufa, usiwatishie shoka." Naye akawajibu, "Kuna mmoja kanikonyeza." Nikajua amerudi. Siku zikaenda, kudondoka kukapungua, mpaka akawa analifikisha kila safari.

Siku yenyewe, dada aliamka kabla ya jogoo. Na kwetu huku mawese ndiyo kila kitu: ni mboga, ni mafuta ya mtoto, mlango ukilia unapakwa mawese. Basi dada akaona shoka haliwezi kwenda kwa wakubwa limepauka. Akalipaka, mpini mpaka chuma. Asubuhi za kiangazi zina baridi, mawese yakagandia pale pale. Shoka likang'aa kama bibi harusi, sote tukalisifia. Dada akalifunga kwenye kanga. Shati jeupe la shemeji lilikuwa limenyooshwa hadi ungeweza kunyoa ndevu kwa kola yake.

Mwenye bodaboda alipoona ncha ya mpini akauliza tunakwenda wapi na shoka. Shemeji akamwambia, "Mnarani." Akasema, "Wazee, mkikata mnara, mtandao sisi tutapata wapi?" Tukacheka njia nzima mpaka Gungu.

Kule mnarani jua likapanda. Hotuba zikafuatana. Shemeji amesimama mstarini na shoka viganjani, na mimi nyuma ya kamba nikaona tone jekundu linamtoka kwenye kidole. Nikajua. Mawese yameyeyuka.

Akaitwa. Hatua za kwanza alikwenda vizuri. Kisha mkono ukaanza mambo yake, shoka likateleza, likaning'inia kwenye vidole. Dada akanishika mkono, alama za kucha zake ninazo mpaka leo. Shemeji akaliwahi. Hakulirudisha viganjani. Akalivuta kifuani, akalikumbatia kwa mikono yote miwili, kidevu juu ya chuma, akaendelea kutembea. Askari wa pembeni yake akanong'ona, "Mikono mbele, mzee." Shemeji ni kama hakusikia.

Shati likawa jekundu kifua chote. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Jamani, mzee kajikata."

Shemeji akapiga magoti, akaliweka polepole. Akabaki pale. Mpiga tarumbeta alikuwa ameshaliweka mdomoni, akalishusha, akamngoja.

Aliporudi kwetu, dada alikuwa analia. "Nimekuharibia, baba watoto. Mawese yangu haya."

"Hujaniharibia," shemeji akasema. "Lilipoteleza ndipo nikajua namna ya kumbeba."

Lile shati dada amelifua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Mawese hayatoki. Alitaka alifanye tambara la kushikia sufuria, shemeji akamwambia aliache lilivyo.

Kijiweni wananiomba hadithi hiyo kila mara. Shoka limekua, sasa hivi ni zito kama injini ya boti, na jua la siku ile liliivisha mihogo ikiwa bado shambani. Juzi shemeji akapita nikiwa katikati ya maneno, akasimama kusikiliza. Nilikuwa nimefika pale shoka linapoteleza. Nikautazama mkono wake, unatetemeka vilevile.

"Endelea," akasema.

"Basi akalikumbatia," nikasema. "Akaenda nalo, akaliweka. Halikuanguka."

Akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake kununua migebuka.