Shore Aliyelisha Makinda ya Shomoro

Msimu ule wa mvua nyumba yetu ya Kisian ilinuka omena wabichi, wale dagaa wa ziwani, maana jua la kuwakausha halikutoka, na ndani ya harufu ile ndugu yangu mchanga alilia bila kupumzika. Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Kombewa tangu ajifungue, baba akimuuguza, nasi tukabaki na nyanya. Maziwa ya kopo mtoto aliyatapika. Nyanya alizunguka naye chumba kwa chumba, nami nikimfuata nyuma, siwezi kuketi, siwezi kula. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Ng'ambo ya ua wa michongoma aliishi Mama Achieng, aliyekuwa amemzika mwanawe mchanga majuzi tu. Alikuja akaomba amnyonyeshe mtoto wetu. Nyanya alikataa kwa adabu, akisema mgonjwa yu karibu kurudi. Jirani alipoondoka, akaninong'oneza kwamba mtoto hapewi maziwa ya msiba.

Upepo ulikuwa umeangusha kiota cha shore kwenye ua huohuo, na makinda yake yakafa. Ni mimi niliyemwona ndege huyo, kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, akiingia chini ya paa letu na kiwavi mdomoni. Humo mlikuwa na makinda ya shomoro. Mama yao alimfukuza. Shore akangoja kwenye kamba ya nguo mpaka shomoro alipokwenda kutafuta chakula, akaingia tena, akayalisha. Nilimwita nyanya. Alitazama, na mtoto begani pake akilia kwa sauti iliyozidi kufifia. Kufifia kule ndiko kulikotutisha.

"Nenda ukamwite," nyanya alisema.

Nikauliza nani.

"Unamjua. Kimbia."

Mama Achieng na nyanya walipita kwanza zahanati, muuguzi akampima Mama Achieng na kumruhusu anyonyeshe. Kisha Mama Achieng akaketi sebuleni kwetu, na mtoto akanyonya. Machozi yalimtiririka kimya. Nyanya akamfunika mabega kwa leso yake, akaanza kumwomba radhi.

"Anyonye kwanza, Mama," alijibu.

Mama yangu alirudi amekonda, akamkuta mwanawe amenona. Leo ndugu yangu anasoma Maseno, na kila likizo hula katika nyumba zote mbili, akigombezwa kote.

Mimi naishi mjini Kisumu, ghorofani, ukuta wangu ukigusana na wa jirani nisiyemjua. Kuna mtoto anayelia huko mchana kutwa. Nilikuwa nikiinuka, nafika mlangoni, narudi, naketi, nainuka tena. Kisian hatukuwa na mlango wa kusita mbele yake hivyo. Jumamosi iliyopita nilibisha hodi. Alifungua msichana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuniuliza mimi ni nani. Alinipa mtoto.