Siku Burungu Ilipotaka Kuukimbia Utupu

Siku yangu ya kwanza darasani, huko Walikale kwenye misitu, nilifundisha mwendo kwa mfano wa treni mbili zinazopishana. Wanafunzi walinakili kimya, nikadhani wameelewa. Kumbe hakuna aliyewahi kuona treni, na mimi mwenyewe niliijua kwa picha tu.

Prefe, kama tunavyomwita mkuu wa shule ya sekondari, alikuwa amekaa benchi la nyuma. Alikuwa mtu mfupi, mkali, wa kuvaa buti za mpira hata siku za jua. Kengele ilipolia aliniita.

"Prof, hii treni yako inapita wapi? Mu pori?"

"Iko mu kitabu, Bwana Prefe."

"Wacha kitabu. Mutoto alikanyaga nini leo asubui mbele ya kufika hapa? Anzia pale."

Maneno hayo yamenilisha maisha yangu yote. Kifaa cha kufundishia tulikiita materieli, na tangu siku ile materieli yangu yalitoka njiani: magogo yanayoelea mtoni kwa somo la mwendo, panga butu na panga kali kwa somo la kani na eneo. Ninyi walimu vijana wa leo mna simu mfukoni na bado mnafundisha treni. Haya.

Baadaye nilihamishiwa Masisi, shule moja ya kijiji cha Burungu. Kule ni baridi, maziwa na maharage. Watu wa jembe na watu wa ng'ombe husali benchi moja, kisha hugombania mipaka wakitoka nje. Prefe wa huko alikuwa mpole, mwoga wa kelele. Nilimpenda, ingawa woga wake ulinichosha.

Siku moja wanafunzi wa mwaka wa sita, wale wa kumaliza, waliniuliza ulimwengu utaisha namna gani. Ningeweza kujibu kwamba hilo halimo kwenye programu ya masomo. Jibu hilo silipendi, basi nikawatoa nje hadi ukingo wa uwanja. Pale kila mpira uliotuponyoka uliteremka mlimani, lakini mara nyingi haukufika bondeni. Ulinaswa kwenye vijia ambavyo ng'ombe wamevichimba kwa kwato ubavuni mwa mlima. Ukiuona umetulia pale utasema umefika, kumbe bonde liko chini bado.

Nikawaeleza kwamba huenda utupu wenyewe, ile nafasi iliyo kati ya nyota na hata ndani ya vitu vyote, umetulia vivyo hivyo. Utupu una nishati yake. Vipimo vya chembe ndogo kabisa vinadokeza kwamba nishati hiyo huenda haijafika chini. Ndiyo maana wataalamu wanautaja utupu wa uongo. Na chembe hizo zina tabia ya kupenya ukingo unaozizuia bila kuupanda. Hilo likitokea mahali pamoja tu, povu la utupu wa kweli, ule uliofika chini kabisa, litazaliwa na kupanuka kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Ndani yake sheria za maumbile zitakuwa nyingine, na chembe zinazotuunda hazitashikana tena. Nikaongeza kwamba hakuna mwenye uhakika, na kwamba hata kama ni kweli, huenda tukangoja muda unaoushinda kwa mbali umri wa ulimwengu.

Hayo ya mwisho yalibaki shuleni. Lililofika nyumbani ni povu.

Kwetu kila nyumba ina mzigo wa kukimbia vita nyuma ya mlango: sufuria, blanketi, unga kidogo. Kesho yake binti mmoja, Riziki, aliingia darasani na mzigo wa kwao kichwani.

"Mama alisema ile povu ikianza nikimbie toka hapa, nisirudie nyumba."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mchana akafika kijana mmoja wa pikipiki akitangaza kwamba utupu umeshapasuka upande wa Walikale, unakuja mlima kwa mlima. Familia zikaanza kufunga mizigo kuelekea mji wa Sake, na maharage yamekauka shambani, na mawingu yameshakaa. Mvua moja tu ingeyaozesha, na Burungu ingelala njaa msimu mzima.

Prefe alinijia mbio. "Prof, wende ubaambie ni bongo, ni uongo tu!"

"Siwezi, Bwana Prefe. Nilifundisha kweli."

"Basi utafute kazi ingine."

Watu walikuwa wamejaa uwanja wa kanisa. Nilisimama mbele yao kuwaeleza upya. Mama Riziki, mama wa yule binti, akatokeza, mzigo ule wa kwao sasa uko mgongoni mwake.

"Prof, vita ikikuya, batu ba mulima ya ngambo banatangulia kutuambia. Hii yako, nani atatangulia?"

"Hakuna, Mama. Inakimbia karibu sawa mwangaza. Hakuna muntu wala simu ya kuitangulia."

"Hata pikipiki?"

"Hata pikipiki."

Akageuka polepole akamtazama yule kijana, aliyekuwa akitafuna muwa.

"Sasa weye, ulitangulia namna gani? Na hii pikipiki yako yenye tunasukumaka kila siku ku mupando?"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Hata Prefe alicheka, mkono mdomoni.

"Kintu haina mujumbe, tutaikimbia namna gani?" akasema Mama Riziki. "Maharage yangu iko inaningoja." Akaushusha mzigo, akaifungua kamba na kwenda nayo shambani kufungia matita ya maharage. Wengine wakamfuata. Jioni mlima mzima ulisikika ukipura, na mimi nililia kwa furaha, sioni aibu kusema.

Msimu mwingine milio ya bunduki ilisikika, tukateremka hadi Shasha, kando ya ziwa. Mama Riziki alinipita njiani, mzigo kichwani, kamba ileile.

"Prof," akasema bila kusimama, "hii ya leo iko na mujumbe."

Nilimaliza kazi hapa Shasha, na hapa nimestaafu. Walimu vijana huja kuniuliza kama utupu unaninyima usingizi. Nawajibu hapana, utupu ukivunjika hakuna wa kunigongea mlango. Kisha wanauona mzigo wangu nyuma ya mlango, umefungwa, na hawaniulizi tena.