Bustani ya Kwenye Sinia

Mikono yangu haijawahi kutulia, na ndiyo iliyotuponza. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa askari polisi, tunakaa mtaa wa Bukoto, na Wahindi walipoamriwa waondoke Uganda, mwanamke wa Kihindi jirani yetu alimwachia mama mabakuli sita ya kioo cheupe aliyopewa siku ya harusi yake. Kila moja lilichorwa bustani: miti ya mviringo, ndege wa rangi ya chungwa, uzio mweusi. "Nitunzie, dada, nitarudi," alisema. Mama akaapa. Lakini mali ya waliofukuzwa ilikuwa ya serikali, na askari aliyekutwa nayo nyumbani alichukuliwa asionekane tena. Kwa hiyo mabakuli yakafichwa chini ya kitanda, ndani ya gunia, nasi tukaambiwa tuyasahau.

Niyasahau vipi? Nilitafuta sinia kuukuu, nikatia udongo, nikaijenga bustani ile ile: miti ya pamba niliyoipaka rangi, uzio wa njiti za kiberiti, ndege wa maganda ya chungwa. Nilijiona fundi kwelikweli. Mama aliiona, akaguna tu. Akili yake ilikuwa barabarani. Kila gari likipunguza mwendo, anachungulia.

Jumamosi moja mchana mke wa mkubwa wa baba akaja kutusalimia. Akaisifu bustani mpaka nikavimba kichwa. Kwetu mgeni akisifu kitu, hupewa. "Ichukue, mama," nikamwambia. Akacheka, akauliza mfano wake niliuona wapi. Mimi nami, na adabu zangu, nikaona sinia la udongo ni zawadi ya aibu. Nikakimbia chumbani, nikamletea bakuli lenyewe.

Mama alikuwa anamimina chai. Kikombe kikajaa, chai ikamwagika mkekani, naye anamimina tu. Mgeni akaligeuza bakuli. Chini paliandikwa jina la Kihindi la mwenyewe kwa rangi ya kucha, kama wanawake wanavyotia alama vyombo vyao visipotee kwenye sherehe. Akalisoma. Akaliweka chini taratibu, akaaga, akaenda zake mikono mitupu.

Mama hakunipiga. Alichukua mchi akayaponda yote sita ndani ya gunia, akayatupa chooni kabla baba hajarudi kutoka kazini. Bustani yangu ikafuata. Mimi nililia, yeye akapangusa chai mkekani.

Tukangoja. Upepo ukitikisa mlango, sote tunageuka. Wiki ikapita, mwezi ukapita, hakuja mtu. Baba alikwenda kazini na kurudi. Yule mwanamke tukikutana naye sokoni Wandegeya alitusalimia kwa upole, kama hakuona kitu.

Nilidhani mama atashukuru. Wapi! Ndiyo kwanza akazidi kukonda. Siku moja tukichambua mboga ya dodo akaniambia, bila kuniangalia:

"Yule mama angetushitaki, ningekuwa na la kusema. Sasa mwenzangu akirudi, nimwambie nilivunja vyombo vyake kwa kumwogopa nani?"