Kiti Juu ya Paa la Landrova

Fsssss! Sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha juzi usingizi wangu wa mchana. Nikachungulia dirishani, nikamwona mwanangu Salim amechutama uani kwetu hapa Al Amerat, anatoa upepo kwenye tairi la gari lake, anajaribu kijisaa kipya cha kupimia. Yeye na rafiki zake wanapanga kwenda kuendesha gari ndani ya mawadi, yale mabonde ya mawe yanayopita katikati ya majabali, wakalale mahemani. Tangu walipoanza kupanga nyumba haina raha. Mara kamba, mara majiko, mara sanduku la barafu limewekwa mlangoni mtu anajikwaa. Nilifungua dirisha nimgombeze, lakini ikanifikia harufu ya upepo ule unaotoka, harufu ya mpira na vumbi na joto, basi ugomvi wote ukaniisha. Nilikuwa tena Matrah, umri wangu miaka tisa, na aliyechutama mbele ya tairi ni baba yangu.

Wakati huo tulikuwa wageni. Mambo ya Unguja yalipogeuka tulikuja huku nchi ya Waarabu na mabegi machache, tukapata nyumba ndogo ya ghorofa moja Matrah, na watoto wa jirani wakitusikia tunasema Kiswahili wakatubandika jina, Wazanjibari. Mimi nikirudi ndani nikilia. Nchi ilikuwa bado haijafunguka kama ilivyo sasa. Magari yalikuwa machache hata sauti zake tukizijua, na ukitaka kwenda ndani ya nchi shurti upate ruhusa. Baba, fundi magari tangu kwetu Unguja, alipata kazi ya kumtengenezea tajiri mmoja magari yake. Hivyo ndivyo tulivyokutana na ile Landrova.

Kati yetu sote, Bibi, mamake baba, ndiye aliyekuwa kwao. Alizaliwa kijiji kilichojificha ndani kabisa ya wadi moja nyuma ya milima, akaozwa kwa binamu yake aliyekuwa Unguja, akaondoka angali mwari. Alimwacha mdogo wake Shamsa, kitoto, kinalia, kimeng'ang'ania pindo la shela lake mpaka watu wakakibandua kidole kimoja kimoja. Kisa hicho Bibi alikuwa akinihadithia nikitaka kulala, na kila akifika kwenye vidole alikuwa akinishika vyangu.

Basi siku moja muuza ndimu aliyetoka wadi ile alikuja na khabari. Bi Shamsa yu hai, lakini haoni tena, na safari hii ugonjwa umemlaza sana. Bibi alikuwa anapeta mchele. Aliuweka ungo chini.

"Nipelekeni," alisema. "Sitaki kitu chochote chengine duniani. Nataka nimshike mkono mdogo wangu, basi."

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikwenda kwa tajiri, akaombwa subira, akasubiri, mwisho akapewa gari kwa siku za Idi. Ruhusa nayo ikapatikana. Lakini aliweka sharti moja, akalisema mbele ya Bibi na mbele ya Mama.

"Bimkubwa, magoti yako nnayajua, na moyo wako tabibu kesha kwambia. Gari ikifika mpaka mlangoni kwa Bi Shamsa, tunakwenda. Ikiwa haifiki, hatwendi. Sitaki kukuzika njiani."

"Inafika," akasema Bibi, upesi upesi. "Kwa nini isifike?"

Sasa ngojeni niwaambieni jinsi safari ile ilivyopangwa. Ramani hatukuwa nayo, na njia ile kwa gari hakuna aliyeijua. Aliyeijua alikuwa Bibi peke yake, na yeye aliijua juu ya mgongo wa punda, tena toka utoto wake. Kila baada ya isha tulikaa sebuleni juu ya mkeka, Bibi akapanga nchi yake kwa vyombo vya Mama. Mto wa kulalia ulikuwa mlima. Kinu kilikuwa jabali kubwa la kwanza. Kokwa za tende zilikuwa visima, na ukanda wa baba uliojikunja ndio wadi yenyewe. Mwisho kabisa, juu ya kibao cha mbuzi, aliweka kikombe cha kahawa. Hicho ndicho kijiji.

Baba alikuwa akipita kwa kidole. "Hapa mchanga?"

"Changarawe."

"Hapa?"

"Mawe makubwa, lakini punda anapita."

"Punda si gari, Bimkubwa. Na hapa, toka kisima hiki mpaka kwenye kikombe?"

Hapo ndipo Bibi alipokuwa akikumbuka kuwa kahawa imepoa, au kuwa mimi sijasali, au kuwa kuna nzi. Kila usiku, mahala palepale. Wakati ule nilidhani kweli ananifuatia sala zangu, nikaona uzito.

Kulikuwa na jambo jengine. Kila alasiri, Baba akiwa kazini, Bibi alikuwa akiniita nimpe bega apande darini. "Nakwenda kupunga upepo." Upepo gani, na ilikuwa ndio baridi, watu tumejifunika mablangeti? Tukipanda, anapumua, tukishuka, anasema, "Tena." Mkono wake ulikuwa ukinielemea begani kama ndoo iliyojaa. Nikimwambia tupumzike ananifinya. Alasiri moja tulikuwa katikati ya ngazi nikageuka, nikamwona Baba amesimama mlangoni, karudi mapema, spana mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Bibi hakumwona. Baba akanitazama, akaweka kidole mdomoni, akarudi nje taratibu.

Baada ya hapo matayarisho yakaingia wazimu. Baba aliangika kisanduku cha viraka na bomba la upepo, akanionyesha namna ya kutoa upepo tairini ili mpira ulale upana juu ya changarawe usizame. Fsssss! Alinipa nishike mwenyewe, nikawa mtu mkubwa mtaani. Mama alikuwa na hofu ya kiu. Kila chombo kilichojua kukaa maji alikijaza, akapika mikate ya kumimina na maandazi ya kulisha jeshi. Kisha Baba akaleta kiti. Kiti cha mbao, cha mikono, kizito, akakitia pete nne za chuma chini yake, akataka kikae juu ya paa la gari. Na pembeni yake miti miwili ya mkandaa, mirefu, minene.

"Masalale!" Mama akapiga makofi, mbele ya Bibi. "Wenzio wanapakia maji, wewe unapakia kiti! Huko kwa watu hakuna mikeka?"

"Bimkubwa anaumwa magoti, hawezi kukaa chini."

"Mbona hapa anakaa chini kutwa kucha?"

"Na miti je?" akauliza Bibi, macho yake yote kwenye miti.

"Ya kuinulia gari ikinasa."

"Na pete?"

"Za kamba, kiti kisianguke."

Bibi akatosheka. Ugomvi wa kiti uliendelea siku nyingi, na mimi nilikuwa upande wa Mama, kwani kile kiti ndicho kilichokula nafasi ya kibaiskeli changu.

Tuliondoka Idi pili, alfajiri, Baba na Bibi mbele, mimi na Mama nyuma tumebanwa na madumu. Tulipita milimani, tukaingia mahala ambapo leo ndipo nilipojenga nyumba. Siku hizo palikuwa uwanda mtupu, migunga na mbuzi tu. Jua lilipopanda tukaingia wadini. Baba alishuka, akatoa upepo tairi zote nne, akatia gia ndogo, na ile Landrova ikaanza kwenda kama mtu anayetembea juu ya magodoro. Mawe meupe yalikuwa yakigonga chini, tong, tong, na Mama akisoma kila dua aliyoijua. Majabali yalitusogelea pande zote mbili mpaka mbingu ikabaki utepe juu ya vichwa vyetu, na tukasikia baridi ya mawe ambayo hayajaona jua. Bibi alikuwa ameshika dirisha. "Kinu kile pale! Kisima kile pale!" Hakukosea hata kimoja. Alicheka kama msichana, na mimi nikasahau kichefuchefu changu.

Tulipopita kisima cha mwisho Bibi akaacha kunyosha kidole, akaanza kuyasugua magoti yake.

Tukapinda kona moja, na mbele yetu ukasimama ukuta wa jabali. Kulikuwa na ngazi tu, zilizochongwa kwenye jiwe, nyembamba, zinapanda na kupotea kwenye mitende huko juu. Baba akazima gari.

"Loo!" akasema. "Bimkubwa, njia imekwisha."

"Alaa!" Bibi akatoa macho. "Kumbe palikuwa na ngazi? Uzee huu, nimesahau!" Alikuwa tayari ameshafungua mlango. Akajifunga shela lake kiunoni, akanyosha mkono. "Haya mtoto, nipe bega. Tuliyokuwa tukipungia upepo ndiyo haya."

Lakini ngazi zile hazikuwa za darini kwetu. Alipanda chache, akakaa. Midomo yake ilikuwa imepauka. Nilimwona anatazama juu kwenye mitende, machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Niliogopa, wenzangu. Nilijua kuwa tumefika na hatutafika.

Chini ya kivuli cha jabali walikuwa wamekaa vijana wanne wa kijiji wanakunywa kahawa. Baba akawaamkia. "Bahati iliyoje kuwakuta," akasema, na wao wakainuka mara moja, kama waliokuwa wanangoja. Kiti kikashushwa. Miti ikapita ndani ya zile pete nne, ikatoka upande wa pili, sawasawa.

"Sikai!" Bibi akapiga kelele. "Mie si maiti nikabebwa!"

Baba akapiga magoti mbele yake juu ya jiwe. "Maiti hakai kitini, Bimkubwa. Anayebebwa kitini ni bi harusi. Si ulitoka hapa bi harusi? Basi rudi vivyo hivyo."

Bibi alimtazama mwanawe, kisha akacheka huku analia, akakaa, akaweka shela lake vizuri. Wakamnyanyua. Mimi na Mama tulifuata nyuma na vile vyombo vyetu vya maji, na tulipofika juu tukakuta maji ya mfereji yanapita mbele ya kila mlango, baridi, safi, hata watoto wakatucheka.

Bi Shamsa alikuwa amelazwa barazani kwenye jua. Alisikia miguu ya watu, akauliza kwa Kiarabu ni nani. Bibi aliteremka kitini, akamkaribia, akachukua pindo la shela lake akamtia mkononi. Kile kikongwe kikalipapasa. Vidole vikajikunja, kimoja kimoja, vikashika.

"Umechelewa," akasema.

Basi. Mengine yalikuwa kilio, na halua, na wali.

Bi Shamsa alifariki kabla ya joto kuingia. Bibi aliishi miaka mingi baadaye, akaiona nchi inafunguka, na kila mgeni alikuwa akihadithiwa. "Nlimpata mwanangu! Fundi mzima, kapelekwa ngazini na ajuza!" Na Baba alikuwa akijikuna kichwa: "Nilipatikana, kweli." Watu wakicheka, na Bibi akinenepa kwa furaha. Aliondoka duniani akijua kuwa alimshinda mwanawe akili.

Baba naye alipotutoka, mimi nikachukua kiti na ile miti. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto. Nikaiegemeza miti ukutani, na ndipo nilipoona kitu ambacho utoto wangu ulikuwa umekiona bila ya kukitazama. Ncha zote nne, pale pa kuwekea bega, zilikuwa zimefungwa vipande vya kanga kuukuu, vimejazwa pamba, vimeshonwa. Na mshono ule niliujua. Ndio ulioshona nguo zangu zote za Idi. Nikenda kwa Mama, wakati huo angali hai.

"Mama, mlijua?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Miti ya kuinulia gari hufungwa kanga, mwanangu? Wauza ndimu walimwambia babako mapema kuwa kuna ngazi. Aliazimia kuivunja safari. Kisha siku ile akamwona mamake anapanda darini. Alikuja jikoni akakaa chini, akalia. Ndio akapeleka salamu kwa wale vijana, na mimi nikashona."

"Na ule ugomvi wa kiti?"

"Hebu! Bibi yako angeshuku, bila ya ugomvi."

Nilikaa pale nikamshukuru Mungu kwa wazee wale. Kumbe si kumfikisha tu. Walimfikisha, kisha wakamwachia ushindi wake, na Baba akakubali kuwa mjinga wa hadithi ile mpaka mwisho wa umri wake. Na mimi niliyempa Bibi bega, niliyemwona Baba akiweka kidole mdomoni, sikuwa nimejua kitu.

Na huyu Salim anayetoa upepo uani, nimemwambia anichukue, nikazuru kaburi la Bi Shamsa. Akaniuliza, "Gari inafika mpaka huko, Mama?" Nikamwambia inafika, kwa nini isifike. Magoti yangu, alhamdulillahi, hayajambo; kila alasiri, yeye akiwa kazini, napanda darini kupunga upepo. Na kile kiti nimekifuta vumbi nikakiweka karibu na mlango, kwenye njia ya gari, kimegeuzwa ili pete zake zionekane, na miti nimeiegemeza kando.